Ukuta wa Thwake na mlango wa Sabaki: uchambuzi wa kisa kimoja cha bwawa na watu walio chini yake

Kisa hiki kilianzia bandani, mahali wavuvi wa Malindi wanapopimia samaki wao asubuhi. Ami yangu, nahodha wa mashua aliyeanza kazi hiyo kabla sijazaliwa, aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu papo hapo: "Mwanangu, nasikia huko bara wameuzuia mto wetu kwa ukuta mrefu kuliko mnara wowote wa msikiti tulio nao. Ukianguka, sisi tutakuwa wapi?" Kwa kuwa nimewahi kufanya kazi ya kupima kina cha mito, wenzake walinitazama kama mtu anayedaiwa jibu. Niliomba muda. Maelezo haya ndiyo jibu, na nakiri mapema kwamba kadiri nilivyolitafuta ndivyo nilivyozidi kuona kuwa hofu ya Ami ilikuwa ya haki ila imeelekezwa mahali pasipo na hatari kubwa zaidi.

Mto wenyewe unajulikana kwa majina matatu. Unatokea nyanda za juu karibu na Nairobi ukiitwa Athi. Baada ya kupokea maji ya mto Tsavo huitwa Galana, ukapita kwenye maporomoko ya Lugard ndani ya mbuga. Na ukikaribia pwani huitwa Sabaki, hadi unapoingia baharini kaskazini mwa mji wa Malindi, upande wa kuelekea Mambrui. Baada ya Tana, hakuna mto mrefu kuuzidi nchini Kenya. Anayesimama juu ya daraja la Sabaki mwezi Novemba haoni maji, anaona tope linalotembea, jekundu kama udongo wa Ukambani, kwa sababu kwa kiasi kikubwa ndio huo huo. Kila mwaka mto huu huleta baharini mamilioni ya tani za udongo.

Wingi huo wa tope si wa tangu na tangu. Watafiti walitoboa tumbawe lililoishi miaka 300 hivi katika bahari ya Malindi, wakalisoma tabaka kwa tabaka kama mtu anavyohesabu pete za mti uliokatwa. Waliona kwamba alama ya udongo wa mto ilikuwa ndogo na tulivu kwa miaka mingi, kisha ikaanza kupanda mwanzoni mwa karne ya 20, wakati ardhi ya bara ilipoanza kulimwa na kulishwa mifugo kwa mtindo mpya wa kikoloni, na haikurudi chini tena. Kwa hiyo bwawa la Thwake halizuii mto wa asili. Linazuia mto ambao tayari umebeba mzigo wa zaidi ya miaka mia moja ya makosa ya ardhini.

Bwawa la Thwake liko mpakani mwa kaunti za Makueni na Kitui, chini kidogo ya mahali mto Thwake unapokutana na Athi. Ujenzi ulianza mwaka 2018, kwa fedha za Serikali ya Kenya na Benki ya Maendeleo ya Afrika, na mkandarasi ni kampuni ya China Gezhouba. Ukuta umepangwa kuwa na kimo cha mita 80.5, na ziwa lililo nyuma yake kushika takriban mita za ujazo milioni 680. Makusudi yake ni mengi: maji ya matumizi ya nyumbani kwa wakazi wa Makueni na majirani zao na kwa mji mpya wa Konza, yote pamoja kiasi cha mita za ujazo 150,000 kwa siku, umeme wa megawati 20, na umwagiliaji wa mashamba ya hekta 40,000 hivi. Anayejua jinsi akina mama wa Makueni wanavyochimba mchanga wa mito mikavu kutafuta dumu moja la maji hawezi kulipinga bwawa hili kwa moyo mweupe, nami silipingi.

Tuanze na ukuta, kwa kuwa ndio ulioulizwa. Huu ni ukuta wa mawe yaliyoshindiliwa tabaka juu ya tabaka kwa mashine nzito, ukavishwa upande wa majini bamba la zege ambalo kwa chini limefungamanishwa na mwamba. Kazi ya mawe ni uzito, na kazi ya bamba ni kuzuia maji yasipenye. Mtindo huu una sifa moja ambayo watu wa usalama wa mabwawa huithamini: hata bamba likipata ufa, maji yanayopenya hupita katikati ya mawe bila kuyachukua, tofauti na ukuta wa udongo ambao ufa mdogo unaweza kugeuka mfereji kwa saa chache. Ndivyo lilivyovunjika bwawa la Teton huko Idaho, Marekani, tarehe 5 Juni 1976, lilipokuwa likijazwa kwa mara ya kwanza: maji yalipata njia ndani ya ukuta wa udongo, yakaanza kutoka upande wa chini yakiwa ya rangi ya tope, na kabla ya jua kutua ukuta ulikuwa umekwisha kazi. Tangu hapo kila mhandisi anajua kwamba ujazaji wa kwanza ndio mtihani mkubwa. Maji hupandishwa kwa hatua, husimamishwa, hupimwa yanayovuja chini ya ukuta, ndipo hupandishwa tena. Uvujaji hauogopeshi ikiwa maji ni meupe na kiasi hakiongezeki. Maji yakitoka na rangi, mtu asingoje kikao.

Adui wa pili wa ukuta wa aina hii ni maji kupita juu yake. Mawe hayo yanayostahimili kupenyezwa hayastahimili kumwagiwa mto mzima kutoka kileleni, na ndiyo sababu njia ya kumwagia maji ya mafuriko ndiyo roho ya bwawa. Huko Banqiao nchini China, Agosti 1975, mvua ya kimbunga ilizidi kile ambacho njia hiyo ilikadiriwa kuweza kupitisha, maji yakapanda juu ya ukuta wa udongo, na makumi ya maelfu ya watu wakafa. Hapa kwetu Kenya bwawa la Patel huko Solai, la shamba la mtu binafsi na dogo mno ukililinganisha na haya, lilibomoka usiku wa tarehe 9 Mei 2018 na kuua watu zaidi ya 40. Nalitaja makusudi, kwa sababu mabwawa makubwa hukaguliwa na kuandikwa magazetini, ilhali silanga, yaani mabwawa madogo ya mashambani, ambazo hazina hata njia ya kumwagia maji hubaki hadi siku zinapoua. Ndani ya bonde letu zipo nyingi, na kama ningepewa siku moja ya ukaguzi, ningeitumia huko.

Ami aliposikia habari za Derna, mji wa bandari wa Libya ulioangamizwa usiku wa kuamkia tarehe 11 Septemba 2023 baada ya mabwawa mawili kuvunjika, alisema, "Basi ndio sisi." Hapo tofauti ni lazima ielezwe. Derna imejengwa ndani ya mdomo wa bonde lenyewe, na la chini kati ya mabwawa yake lilikuwa karibu sana juu ya nyumba za watu; maji hayakupata nafasi ya kutawanyika. Kati ya Thwake na bahari kuna zaidi ya kilomita 250 hata ukipima kwa mstari ulionyooka, na mto haunyooki. Tukichukua kilomita 300 na wimbi la mafuriko linalokwenda mita 1.5 kwa sekunde, safari hiyo inachukua saa 55 hivi, yaani siku mbili na zaidi, na njiani mafuriko hutanda kwenye nyika na kupungua kimo. Isitoshe, mji wa Malindi hauko njiani mwa mto. Uko kusini mwa mlango wake. Walio njiani ni wakulima wa bondeni: Chakama, Lango Baya, Baricho, Jilore, hadi mashamba ya migomba yaliyo karibu na daraja. Kwao, ukuta ukivunjika, itakuwa balaa kubwa. Lakini ni balaa linalopiga hodi siku mbili kabla ya kuingia, mradi yuko mtu wa kupiga simu.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba swali lilikuwa limekaa upande. Ukuta uliojengwa sawasawa na kukaguliwa huenda usianguke kamwe katika maisha ya wajukuu wetu, ilhali milango yake itafunguliwa na kufungwa kila mwaka, na kila uamuzi wa namna hiyo utatufikia, ukuta ukiwa mzima kabisa.

Ushahidi uko jirani, kwenye mto Tana. Bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka 1981, ndilo la juu kabisa katika ngazi ya mabwawa matano; chini yake ziko Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Aprili na Mei 2024 mvua kubwa zililijaza Masinga kupita kiwango chake cha kujaa, ambacho ni mita 1,056.5 juu ya usawa wa bahari, na maji yakamwagika kwenda chini. Barabara kati ya Garissa na Madogo ilikatika, vijiji vya kaunti ya Tana River vikahama, na mashamba ya delta yakazama. Ukimuuliza mkulima wa huko atakwambia, "Wametufungulia maji." Ukimuuliza anayeendesha bwawa atakwambia hakuna aliyefungua chochote; bwawa lilijaa, likamwagika lenyewe. Nimezifikiria kauli hizi mbili kwa muda mrefu, na naona zote ni za kweli, kwa sababu zinazungumzia miezi tofauti. Anayeendesha anazungumzia Mei, wakati kweli hakuwa tena na la kufanya. Mkulima, bila kujua, analalamikia uamuzi wa miezi iliyotangulia, pale ilipoamuliwa kiasi gani cha maji kibaki bwawani kabla ya masika kuanza.

Jambo hili ndilo kiini cha kisa chote. Bwawa la umeme na umwagiliaji linataka kuwa limejaa, kwa maana maji ndiyo mali yake. Bwawa la kuzuia mafuriko linataka kuwa na nafasi tupu, kwa maana utupu ndio kazi yake. Ukuta mmoja hauwezi kutosheleza haja hizo mbili kwa wakati mmoja, na kila mradi unaoitwa wa makusudi mengi una mgogoro huo ndani yake hata kama tangazo la uzinduzi halikuutaja. Tuchukue mfano wa hesabu. Mafuriko ya mita za ujazo 1,000 kwa sekunde ni mita za ujazo milioni 86.4 kwa siku. Kama waendeshaji wameacha nafasi ya milioni 100, mafuriko hayo yatamezwa kwa siku moja na saa chache, na baada ya hapo kinachoingia ndicho kinachotoka, kana kwamba ukuta haupo. Kama hawakuacha nafasi yoyote, bwawa halikuzuia hata tone, na limeongeza hatari nyingine: miaka kadhaa ya mafuriko madogo yaliyomezwa imewafanya watu wasogeze mashamba na vibanda hadi ukingoni mwa mto, wakiamini kwamba mto umefugwa.

Haki inanilazimu kusema pia kwamba ratiba ya kuacha nafasi ina gharama yake. Maji yaliyoachiliwa Februari kwa kuingoja mvua ambayo haikunyesha ni mahindi yaliyokauka Makueni mwezi Agosti. Anayeamua hana utabiri wa uhakika, na simwonei wivu. Ninachodai ni kwamba uamuzi huo usifanywe na watu wa juu peke yao.

Kiangazi nacho kina habari yake. Maji ya nyumbani, zile mita za ujazo 150,000 kwa siku, ni kama mita za ujazo 1.7 kwa sekunde tu, na mto unaweza kuyatoa bila kelele nyingi. Mashamba ndiyo mnywaji mkubwa. Kwa kadirio la kawaida la mita za ujazo 10,000 kwa hekta kwa mwaka, hekta 40,000 zinahitaji milioni 400, zaidi ya nusu ya bwawa zima, na sehemu kubwa ya maji hayo hairudi mtoni. Sisi tunakunywa kutoka Baricho, ambako visima vimechimbwa kwenye mchanga wa kando ya Sabaki. Visima hivyo vinaulisha mji wa Malindi, Kilifi na sehemu ya Mombasa, na mchanga huo hujazwa na mto wenyewe. Mto ukipungua kwa miezi mfululizo, kina cha visima hushuka, na mlangoni maji ya chumvi hupanda juu zaidi kuliko kawaida. Dawa yake inajulikana: bwawa liachilie kila siku kiasi maalumu ambacho hakiguswi, kiangazi na masika, na kiasi hicho kiandikwe kwa tarakimu. Neno "cha kutosha" halipimwi na mtu yeyote.

Sasa tope. Ami hakuliuliza, lakini ndilo lililonikosesha usingizi, basi nilifanya jaribio la kitoto barazani kwangu. Nilijaza chupa mbili za maji ya Sabaki niliyoyateka chini ya daraja. Ya kwanza niliiacha kama ilivyo. Ya pili niliitia kikombe kimoja cha maji ya bahari. Mchanga ulishuka katika zote mbili kabla sijamaliza chai yangu, ukafanya utando wa kahawia chini, unene wa nusu kidole. Lakini ule unga mwembamba uliobaki ukielea ulifanya mambo mawili tofauti. Katika chupa ya kwanza, asubuhi ya pili maji yalikuwa bado mekundu kama chai ya rangi. Katika chupa yenye chumvi, unga ulijikusanya mabonge madogo kama maziwa yanayokatika, ukashuka, na saa chache baadaye niliweza kuona kidole changu upande wa pili.

Ndani ya chupa hizo mna habari yote. Bwawa litaushika mchanga kwanza, kwa kuwa mchanga hauna subira. Utatulia pale mto unapoingia ziwani. Sehemu ya unga mwembamba itapita na kuja hadi kwetu, na chumvi ya bahari ndiyo itakayoushusha, mlangoni na kwenye ghuba. Kwa bwawa, mchanga huo ni ugonjwa wa polepole unaokula nafasi ya maji mwaka hadi mwaka. Masinga imekwisha kuonja, tope lake likiingia kwa kasi kuliko waliolibuni walivyokadiria. Kwa mto ulio chini, kuukosa mchanga ni tatizo pia, kwa maana maji yaliyopoteza mzigo wake hutafuta mwingine na kuuchimba kingoni, kwenye migomba ya watu. Na kwa ufuo wetu, ambao wazee wanakumbuka bahari ikiwa karibu zaidi na mji kabla ya mchanga wa Sabaki kuisukuma mbali, kupungua kwa mchanga kunaweza kumaanisha bahari kurudi.

Mto Nile umekwisha kupitia haya. Baada ya bwawa kuu la Aswan kuanza kuyazuia maji ya mafuriko katika miaka ya 1960, uvuvi wa dagaa kwenye mlango wa mto ulianguka vibaya, kwa sababu rutuba iliyowalisha ilibaki nyuma ya ukuta, na ncha ya Rosetta, moja ya milango ya mto huo, ikazidi kuliwa na bahari. Kamba wanaovuliwa katika ghuba ya Ungwana wanaishi kwa rutuba ya Tana na Sabaki vivyo hivyo. Hata hivyo, nisilitie chumvi jambo hili: chini ya Thwake mto bado unapokea Tsavo na makorongo mengi ya nyika tupu, na hayo yataendelea kuleta udongo. Kiasi gani kitabaki na kiasi gani kitapotea kitajulikana kwa kupima darajani tu, kila wiki, kuanzia sasa. Kipimo kitakachoanza baada ya malalamiko hakitakuwa na cha kulinganishwa nacho.

Kuhusu uchafu nitasema kwa ufupi. Maji machafu ya Nairobi huingia Athi, na maji yaliyosimama huyapa majani na mwani chakula cha bure. Dawa ya hilo iko Nairobi. Hakuna ukuta unaoweza kusafisha kilichotupwa juu yake.

Nilipomweleza Ami haya yote bandani, wenzake waliamua iandikwe barua kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji, ambayo kwa sheria ndiyo msimamizi wa matumizi ya mito. Rasimu ilikuwa na madai manne: kiwango cha bwawa kabla ya kila masika na kila vuli kitangazwe hadharani hadi Malindi, iwepo namba ya simu na mtu wa zamu, kwa sababu zile saa 55 ni mali yetu, kiasi cha chini cha maji ya kiangazi kiandikwe, na tope lipimwe darajani.

Ami alitaka la tano. Alisema kwamba siku watakayolazimika kulifua bwawa na kulitoa tope lake, wafanye hivyo wakati wa kusi, pepo za kutoka kusini, na si wakati wa kaskazi, pepo za kutoka kaskazini. Wakati wa kaskazi mkondo wa bahari huyaleta maji ya Sabaki kusini, juu ya matumbawe ya hifadhi na mbele ya mji, ilhali kusi huyapeleka upande wa pili. Sikuwa nimelifikiria, na ni sahihi kabisa. Katika hesabu zangu zote mto ulikuwa ukiishia mlangoni. Nilianza kuliandika. Mvuvi mmoja wa Mambrui, aliyekuja siku hiyo kuuza kamba na alikuwa kimya muda wote, akauliza kwa upole huo upande wa pili unaitwaje. Nilikata mstari juu ya maneno niliyokwisha kuandika. Barua bado iko kwangu, na kifungu cha tano ni namba tu, bila maneno.